Mafunzo ya Ushirika kwa Wanawake wa Vijijini
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Garissa





Katibu aliponiandikia barua aliniomba nizungumze juu ya mafunzo ya ushirika kwa wanawake wetu wa vijijini, akaongeza kuwa Halmashauri ina shauri mbele yake, nalo ni kama akiba ya Chama ya mwaka huu itumike kununua mtambo wa kupoza maziwa, au itumike kwa jambo jingine. Sikuja kuupinga mtambo. Nimekuja kusema kwamba mtambo ukiyatangulia mafunzo, utakuwa mali ya mtu mmoja kabla ya mwaka kwisha, na nitajaribu kueleza kwa nini naamini hivyo.

Asubuhi hii, nilipokuwa nikivua viatu mlangoni, mzee mmoja ambaye ni kama baba yangu aliniuliza, "Binti yangu, mwanamke aliyekulia sokoni atafundishwa biashara na nani?" Swali hilo ni la haki, na ningependa kulijibu kwanza.

Ni kweli kwamba hakuna wa kumfundisha biashara. Itazameni safari ya maziwa ya ngamia. Hukamuliwa alfajiri, mbali na mji, na wakamuaji ni vijana wanaume. Lakini yakishamiminwa katika chombo, mauzo yake ni ya mwanamke, ndivyo desturi yetu ilivyompa. Yeye hukusanya lita chache kutoka kwa jamaa huyu na nyingine kutoka kwa jamaa yule, akazitia katika mitungi ya plastiki, akafunga kitambaa cha rangi yake shingoni mwa mtungi ili usichanganyike na wa mwingine, akaupandisha garini. Mjini hupokewa na dada yake, au binti wa eedo yake, ambaye huuza sehemu hapa sokoni na sehemu huipakia basi liendalo Nairobi, mwendo wa kilometa 370 hivi, mpaka Eastleigh. Jioni fedha hurudi kwa simu. Hapana karatasi hata moja katika safari yote hiyo. Kila mtu anajua alichotoa, anachodai na anachodaiwa, na anakijua kwa kichwa. Mimi nimesoma shule, wala sidhani kama ningeweza.

Basi biashara wanaijua. Wasichokijua ni kumiliki kitu kwa pamoja, nalo ni jambo jingine kabisa.

Mtasema, mbona wana ayuuto? Naam, wanayo, na ni jambo jema. Wanawake 12 wakikubaliana kutoa shilingi 1,000 kila juma, kila mmoja kwa zamu yake atapokea 12,000, naye atanunua mbuzi, au atalipa karo, au atamtoa mgonjwa hospitali. Lakini itazameni ayuuto inavyokwisha. Wa mwisho akishapokea, hakuna kilichobaki mezani. Kila mmoja amepewa fedha zake mwenyewe, ila kwa mkupuo. Hapana mali ya wote, hapana hesabu ya kuweka, hapana la kugombania. Ndiyo maana ayuuto huenda vizuri bila karani wala mwenyekiti. Siku mtakapoiletea ayuuto mtambo wa kupoza maziwa, mtakuwa mmeiletea kitu ambacho hakigawanyiki mara 12, na maswali yataanza. Nani atashika ufunguo? Umeme ukilipwa na watu wote, mwenye lita tatu atoe sawa na mwenye lita thelathini? Maziwa ya mmoja yakiharibika yakayachachusha ya wenzake, nani atalipa? Ayuuto haina jibu la maswali hayo, kwa kuwa haikuwahi kuulizwa.

Ushirika una majibu, nayo si siri. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997 iliweka kwamba watu wasiopungua kumi waweza kuomba kuandikishwa. Kwamba kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Na kwamba mtu mmoja asimiliki zaidi ya sehemu moja ya tano ya hisa zote. Tena hesabu sharti zikaguliwe na kusomwa mbele ya wanachama kila mwaka. Mambo haya yaonekana madogo yakisomwa upesi namna hii. Lakini mwambieni mwanamke ambaye maisha yake yote amekaa nyuma ya pazia la kikao, akisikia sauti za wanaume wakiamua, kwamba kura yake ina uzito sawa na ya mke wa tajiri wa mtaa. Ataitikia kwa kichwa, kwa adabu. Kuamini ni jambo la miezi.

Wala msidhani kwamba wanawake wetu wamechelewa kwa uvivu. Sheria iliyowafungulia Waafrika wa Kenya njia ya kuunda vyama vyao ilitungwa mwaka 1945. Mwaka 1952 mafunzo ya wakaguzi wa ushirika yalianza huko Kabete, na mwaka uo huo Maendeleo ya Wanawake ikaanzishwa, vikundi vyake vikifundishwa kushona, kupika na kulea watoto. Chuo kile cha ushirika kilikua, kikahamia upande wa Karen, na mwaka 2016 kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika cha Kenya. Wenzetu wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao cha kahawa tangu mwaka 1933. Katika miaka hiyo nchi hii yetu ilikuwa wilaya iliyofungwa, mtu haingii wala hatoki bila kibali. Kisha ikaja vita ya mwaka 1963 hadi 1967, na baada yake sheria za hali ya hatari ambazo hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Mkulima wa kahawa wa Nyeri alipata vizazi viwili vya kugombana na karani wake, kumfukuza, kuajiri mwingine na kujifunza. Sisi tulikuwa bado twatafuta karatasi ya kupita daraja. Hata hivyo nisiwasifu wenzetu kupita kiasi. Huko kwenye kahawa, mara nyingi jina lililoandikwa katika daftari lilikuwa la mwenye shamba, naye ni mume. Mkewe aliyepalilia na kuchuma hakuwa na hisa wala kura. Tunaweza kuanza nyuma yao na bado tukaepuka kosa hilo.

Sasa nije kwenye mafunzo yenyewe. Watu hudhani somo la kwanza ni hesabu. Kwetu somo la kwanza ni nani atakaa karibu na nani.

Wazee wetu waliokuwapo watakumbuka hali ya Wajir miaka ya 1992 na 1993, koo zilipopigana hata mwanamke wa ukoo huu hakuweza kununua nyama wala maziwa kwa mwanamke wa ukoo ule. Wanawake wachache, mmoja wao marehemu Dekha Ibrahim Abdi, walianza kukutana mwaka 1993. Hawakuanza na mikutano mikubwa. Walianza sokoni. Walikubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote ana haki ya kuuza na kununua bila kudhuriwa, wakaweka kamati ya wanawake wa koo zote izunguke sokoni kila siku, na palipotokea ugomvi waliumaliza papo hapo kabla haujafika kwa wanaume. Kisha wakawaendea wazee, na mwaka uo huo wazee wakatoa Azimio la Al-Fatah. Dekha alikuja kutunzwa kwa kazi hiyo huko Sweden mwaka 2007, naye alifariki mwaka 2011 baada ya ajali ya barabarani. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nimewakumbusha habari hizi kwa sababu kamati ile ya soko ilikuwa, kwa maana halisi, chama cha ushirika kisicho na daftari. Mali yao ya pamoja ilikuwa soko lenyewe.

Kwa hiyo tunapofungua darasa, haturuhusu kina mama wakae kama walivyofika. Hukaa kwa ukubwa wa mitungi yao: mwenye mtungi wa lita tano kando ya mwenzake wa lita tano, wa ishirini kando ya wa ishirini. Mara ya kwanza kuna minong'ono. Baadaye hugundua kwamba wenye lita tano wana shida moja, nayo ni nauli inayokula faida yote, na ya kuwa shida hiyo haikuuliza ukoo wa mtu.

Hesabu huja baadaye, na huja kwa maziwa. Wengi wa wanafunzi wetu hawajui kusoma. Nilikuwa nikidhani hilo ndilo gumu kubwa, nikakosea. Daftari la kupokelea maziwa tumelichora kwa alama: kila mwanachama huchagua alama yake, wengine wakatumia chapa ya ngamia wa nyumba yao, na kila lita ni mstari mmoja. Siku ya Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, daftari hufunguliwa na kusomwa kwa sauti, jina kwa jina, mbele ya wote. Na hapa kichwa kile kinachokumbuka madeni ya mwezi mzima huwa mkaguzi bora kuliko yeyote. Nimeona mama wa miaka sitini na zaidi akimsimamisha msichana wa sekondari katikati ya kusoma, akamwambia, "Rudi nyuma, Jumanne nilileta saba, si sita." Ikahesabiwa tena. Zilikuwa saba.

Kuna na somo la kupima maziwa. Yule anayepokea lazima ajue kukataa, na kumkatalia jamaa yako maziwa yake mbele za watu ni jambo zito. Tunafundisha kunusa, kuonja, na kuchemsha kidogo katika sufuria. Yakikatika, yameanza kuharibika na hayaingii. Kipo na kipimio cha kuelea kinachoonyesha kama maziwa yametiwa maji. Hicho tunakitumia kwa hadhari. Ngamia aliyekaa na kiu siku nyingi hutoa maziwa mepesi kuliko kawaida, na wakati wa ukame chombo hicho chaweza kumtia aibu mwanamke mwaminifu ambaye hakutia hata tone. Mwenyekiti mmoja aliyefundishwa nusu tu alikwisha kumfukuza mwenzake kwa sababu hiyo, na kulipatanisha jambo lile kulichukua muda mrefu kuliko kozi nzima. Tunafundisha vilevile juu ya vyombo. Mama zetu walikuwa na vibuyu na vyombo vya kusukwa vilivyofukizwa moshi, na moshi ule ulikuwa na kazi yake. Mtungi wa plastiki una pembe ambazo mkono haufiki. Mkebe mpana wa alumini husafishika, ila ni ghali na basi hulalamika kwa uzito wake.

Nimesema kuwa nilikosea kudhani kwamba kutojua kusoma ndilo gumu kubwa. Gumu kubwa niliwahi kuliona katika kikundi kimoja ambacho sitakitaja, nanyi mkikitambua nawaomba mnyamaze. Walikuwa wanawake zaidi ya ishirini, hodari, na wafadhili waliwapa friji kubwa mbili na fedha za kuanzia. Kwa kuwa hawakujua kuandika, walimchukua kijana wa mmoja wao awe karani. Kijana hakuwa mwizi. Alikuwa mtoto wa watu, mpole, na simu ya chama ilikaa mfukoni mwake kwa sababu yeye ndiye aliyejua namba ya siri. Mjomba wake akapatwa na shida, akaomba akopeshwe kwa siku tatu. Kisha mjomba mwingine. Kina mama walijua, kwa maana hapa hakuna lisilojulikana, lakini kila mmoja alijiuliza nani atakayemshitaki mtoto wa mwenzake, tena mbele ya wazee gani, na wazee wale wale ndio waliokuwa wajomba. Ule mwaka haukwisha. Friji moja iko dukani kwa mtu, inapoza soda. Nyingine sijui iliko.

Nami nilikuwa mmoja wa waliowafundisha. Tuliwafundisha siku nne katika ukumbi wa hoteli, tukawapa vyeti na chakula cha mchana, tukapiga picha. Hatukuwafundisha kusema "hapana" kwa jamaa. Nilijifunza kwao kwamba namba ya siri ya simu na ufunguo wa kasha ni somo kamili, si maneno ya mwisho kabla ya chai. Siku hizi tunaligawa jambo hilo kati ya watu watatu: mmoja hushika simu, wa pili ndiye ajuaye namba, na wa tatu hupokea ujumbe wa salio na kuusomesha Ijumaa. Tena mweka hazina hubadilishwa kila miezi sita, hata akiwa mwema, au niseme hasa akiwa mwema, ili wengine nao wajue kazi.

Wazee wa dini waliuliza juu ya riba, nao walikuwa na haki ya kuuliza. Vyama vingi vya akiba na mikopo katika nchi hii hutoza riba, na wanawake wetu wengi walikataa kujiunga kwa sababu hiyo pekee. Palipo na elimu pana njia. Chama chaweza kununua mkebe au mbuzi na kumwuzia mwanachama kwa bei iliyotajwa wazi, akalipa kidogo kidogo bila nyongeza. Au chaweza kushiriki naye faida na hasara. Hayo sheikh huyajua kuliko mimi, na darasani tumemwita sheikh aje kuyafundisha mwenyewe, naye alibaki mpaka somo la daftari kwa kuwa lilimpendeza.

Juu ya ukame sina haja ya kuwaambia ninyi. Tangu mwisho wa mwaka 2020 mvua tano mfululizo zilikosa, na mpaka mwaka 2023 hakuna nyumba ambayo haikuzika mnyama. Kisha mwishoni mwa mwaka huo huo yakaja mafuriko. Chama kilichoandikiwa kanuni zake mjini Nairobi husema mwanachama asiyehudhuria mikutano mitatu ajiondoe. Kanuni hiyo ingewafukuza nusu ya wanawake wa Fafi na Hulugho kila wanapohama na mifugo. Kanuni za chama huandikwa na wanachama wenyewe, na hilo nalo ni somo: mkutano mkuu uwekwe baada ya mvua, nyumba zinapokuwa karibu, anayehama aache hisa zake zikae salama, na aandikwe amehama, asiandikwe ameasi. Kaunti ina afisa wa ushirika, na kazi yake moja ni kuwasaidia watu kuandika mambo kama hayo. Wachache wamewahi kumwona, kwa kuwa eneo la kaunti yetu lapita kilometa za mraba 40,000 na gari ni moja moja.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Isiolo. Huko wanawake wa chama cha Anolei, jina ambalo ninyi mnajua lina maziwa ndani yake, hukusanya maziwa ya ngamia, huyapima, huyapoza usiku na kuyapeleka Nairobi kwa basi asubuhi. Wengi wao walianza kama wetu, kila mmoja na mtungi wake na kitambaa chake. Mtambo wa kupoza wanao. Lakini ukiwauliza kilichowashikamanisha, watakuonyesha daftari na watakusimulia ugomvi wao, na huo ndio ushahidi ninaoupenda, kwa sababu chama kisichoweza kusimulia ugomvi wake hakijaumaliza.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, nifike kwenye ombi langu, nisije nikawachosha wazee.

Naomba akiba ya mwaka huu isinunue mtambo. Itumike kufundisha wanawake 40, kumi kumi kutoka Balambala, Fafi, Dadaab na soko la hapa mjini, kwa muda wa miezi sita, siku mbili katika kila juma, mahali wanapoishi, na saa ambazo maziwa yameshapita. Wengine wamependekeza tuchague wasichana wawili waliosoma tuwapeleke Nairobi. Nawapenda wasichana wetu, lakini wakirudi wao wawili tu ndio watakaojua, na tutakuwa tumetengeneza makarani wengine wawili wenye namba ya siri. Mwaka ujao, kama wale 40 watakuwa wameandikisha chama chao na kusoma hesabu zao mbele ya watu, basi wao wenyewe ndio waje hapa waombe mtambo, nao waseme watauweka wapi na nani ataulipia umeme.

Kwenu wazee nina jambo moja gumu zaidi ya fedha. Katika miaka hii mmeona mengi ambayo baba zenu wangeyakataa. Mwaka 2017 Ijara ilimchagua Bi Sophia Abdi Noor kuwa mbunge wake, mwanamke wa kwanza kushinda kiti cha eneo katika sehemu hii ya nchi. Ninaloomba ni dogo kuliko hilo na ni zito kuliko hilo. Mtoto wenu, au mpwa wenu, atakapokuja kwenu usiku kusema kwamba kina mama wamemnyima mkopo wa siku tatu, msimtume mtu kwa mwenyekiti wao. Mwambieni arudi Ijumaa, daftari litakapokuwa linasomwa, aombe mbele ya wote. Nikiwa na ahadi yenu juu ya hilo, nitaanza darasa hata kabla Halmashauri haijapiga kura juu ya fedha. Chumba cha nyuma cha ofisi ya Chama kina viti 20 na mkeka. Naomba ufunguo wake kwa siku za Jumatatu na Jumatano.